Unyoya wa Kwanza

Fundi alikuwa ametoka mara moja tu kununua msasa. Jua lilikuwa linazama na duka la vifaa linafungwa. Aliporudi alimkuta mteja amesimama mlangoni pa karakana, mkono mmoja ndani ya koti.

"Samahani, tumeshafunga," Fundi alisema.

"Mshale mmoja tu," mgeni alinong'ona. "Ufito ninao. Manyoya ninayo. Hata gundi ninayo."

Alipaswa kukataa. Baba yake, aliyemrithisha kazi hii ya kutengeneza mishale, alikuwa na sheria moja tu: gundi ya mteja haivuki kizingiti. Lakini mgeni alikuwa ameshaingia na kuviweka vitu vyake mezani. Manyoya matatu, meusi, marefu, yenye harufu ya nguo iliyolala na maji. Fundi hakuwahi kuona manyoya yaliyonyooka vile. Tamaa mbele, mauti nyuma, ndivyo wanavyosema, lakini nani hukumbuka methali akiwa ameshika kitu kizuri mkononi?

Katika chumba cha nyuma mumewe alikuwa anasugua fito huku akipiga mluzi. Mluzi ule! Wimbo mmoja, miaka nenda miaka rudi, na kila akifika katikati anakosea pale pale. Fundi alizoea kusema ndiyo maana nyumba yao haina panya.

"Unakukera?" mgeni aliuliza.

"Weee! Atakayeunyamazisha nitamshukuru."

Mgeni alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi anza."

Gundi ya Fundi mwenyewe ilikuwa ya ngozi, na sufuria yake ndiyo kwanza imewekwa kwenye jiko kando ya meza. Gundi hiyo haitaki papara. Unaipasha taratibu, unaivuta kati ya kidole na gumba, ikitoa nyuzi ndiyo iko tayari. Kichupa cha mgeni hakikuhitaji moto wala subira. Fundi akafuta ufito, akadondosha tone, akaweka unyoya wa kwanza.

Ukashika papo hapo.

Na mluzi ukakatika.

"Kumbe ana masikio," Fundi alisema huku akicheka. Mgeni hakucheka.

Fundi akainama kuitazama kazi yake. Unyoya ulikuwa umekaa upande, kidogo tu. Akajaribu kuusogeza. Wapi! Aliona aibu, fundi mzima kama yeye. Akakisukuma kichupa kando.

"Yaliyobaki nayabandika kwa gundi yangu. Imeshapata moto."

"Tumia yangu."

"Lakini karakana ni yangu."

Mgeni akatazama dirishani, kwenye mwanga mdogo uliobaki. "Haraka, basi."

Unyoya wa pili. Fundi akaubana kwa vidole, akasubiri. Huko nyuma msasa ulikuwa ukienda. Kwaru... kwaru... kwaru...

Ukanyamaza.

"Mume wangu?"

"Amechoka," mgeni alinong'ona. "Malizia."

Unyoya wa tatu ulikuwa wa moto. Fundi aliuhisi na akashangaa, lakini mikono iliyozoea kazi haingoji ruhusa ya kichwa. Akaubandika.

Katika chumba cha nyuma kitu kizito kikaanguka.

Alikimbia. Mumewe alikuwa sakafuni kando ya kiti, macho wazi, msasa bado mkononi. Fundi akaweka sikio kifuani pake. Kimya... Akamtikisa, akamwita kwa majina yote ya mapenzi na ya ugomvi. Ndipo akakumbuka kile alichokuwa amekishika sasa hivi: unyoya wa moto, unaodunda chini ya kidole chake.

Unadunda.

Akarudi mbio. Mkono wa mgeni ulikuwa umeshaufikia mshale.

"Gundi haijakauka!" Fundi alifoka.

Mgeni akasita. Mtu yeyote anayeijua mishale husita akisikia neno hilo. Fundi akaunyakua na kuushikilia juu ya sufuria, kwenye mvuke. Gundi ya ngozi ina jambo moja ambalo baba yake aliipendea: ukijuta, mvuke huifungua.

Unyoya wa tatu ukateleza. Katika chumba cha nyuma mtu akavuta pumzi, ndefu, kama aliyeibuka majini.

Wa pili ukateleza. Kwaru... kwaru...

Wa kwanza haukutikisika.

Mvuke ulimbabua vidole na bado hakuacha. Mwishowe akachukua kisu. Ncha ilipogusa tu shina la unyoya, mumewe akatokea mlangoni, ameshika koo kwa mikono miwili, mdomo umepanuka kwa ukelele.

Hakuna sauti iliyotoka.

Kisu kikamponyoka Fundi, lakini mshale hakuuachia. Mgeni akaokota kichupa chake na manyoya mawili, bila haraka yoyote sasa, akatoka. Huko nje akaanza kupiga mluzi. Ulikuwa wimbo ule ule, na katikati hakukosea.

Tangu siku hiyo mumewe anakula, anafanya kazi, hata anacheka, ila hatoi sauti. Daktari amechungulia koo lake na kusema ni zima. Mshale umefungiwa sandukuni. Wenye unyoya mmoja haupati shabaha, kwa hiyo anayeutaka atarudi na yale mawili, na Fundi anajua hivyo. Sufuria ya gundi haitoki motoni. Kila jua likizama mluzi hupita nje ya mlango, safi, bila kosa hata moja, naye huketi ameukamata mkono wa mumewe na kulia. Angetoa chochote kuusikia ukikosewa tena.

Jana ulikosewa.

Pale pale katikati, kama zamani. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Alipozinduka alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake mumewe anamvuta nguo kwa nguvu zake zote, anatikisa kichwa, mdomo wazi, bila sauti.

Na komeo lilikuwa mkononi mwa Fundi, limeshafunguliwa.