Maji ya Bustani ya Darajani

Mama Cherehani alikuwa na duka la ushonaji chini ya daraja la zamani la reli. Treni zilikuwa zimeacha kupita hapo miaka mingi iliyopita. Juu palijaa magugu na taka.

Siku moja majirani walipasafisha. Walipandisha udongo kwa ndoo, wakaotesha maua. Aliyewaongoza ni mume wa Mama Cherehani, dereva mstaafu wa treni. Tangu astaafu, mzee huyo hakuwahi kuwa na furaha namna ile.

Mvua ikanyesha. Lo! Maji yakachuruzika dukani, yakalowesha gauni la bibi harusi.

"Mume wangu, maua yenu yataniua kwa njaa!" alifoka Mama Cherehani. "Bustani ivunjwe, au mimi nihame!"

Mzee alimwita rafiki yake, fundi mwashi. Fundi aliingia dukani, akatazama dari, ambayo ni matofali ya daraja lenyewe, akagusa bonge la saruji.

"Shemeji, nani ameziba hapa?"

"Mimi. Palikuwa na kitundu kinadondosha maji, nikakiziba kiangazi hiki. Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Huu si ufa, shemeji! Ni tundu la kutolea maji. Wajenzi waliliacha makusudi. Maji yakikosa njia, hujitafutia. Yanapenya kwenye matofali na kuyadhoofisha. Udongo uliolowa nao ni mzito. Daraja linaweza kubomoka."

Mama Cherehani aliona aibu. Kumbe alikuwa akimlaumu mumewe bure!

"Sasa tufanyeje?" aliuliza.

"Kwanza mhandisi alipime daraja. Tuzibue tundu, tuweke bomba la kupeleka maji mtaroni. Juu tutandaze kokoto, kisha kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Udongo uwe kidogo. Na miti mikubwa msipande, mizizi yake hupasua matofali."

Mhandisi alikuja, akapima, akaridhika. Kazi ikachukua wiki mbili. Kitambaa alikiunga Mama Cherehani mwenyewe, kwa cherehani yake.

Mvua ikarudi, kubwa kuliko ile ya kwanza. Mzee alishuka mbio na beseni, roho juu.

"Rudisha beseni lako," mkewe alimwambia. "Sikiliza."

Maji yalikuwa yakikimbia ndani ya bomba. Dari ilikuwa kavu.

Mzee aliketi kwenye kiti cha wateja, akajifuta uso.

"Mvua ikikatika nitafunga duka," alisema Mama Cherehani. "Unipeleke juu. Sijawahi kuyaona hayo maua."