Mdomo wa Kuazima

Adelard alianza kwa kukataa titi la kushoto. Alilinusa, akageuza uso, akatazama mlangoni kama mtu aliyeitwa. Anjelina akadhani ni joto, akamhamishia la kulia, nalo akalikataa, mtoto wa miezi minne ambaye mpaka jana yake alikuwa anasinzia na chuchu mdomoni. Chumba chao cha Temeke kilinuka maziwa yaliyochacha, na maziwa yenyewe hayakuwamo.

Harufu ile alikuwa ameinusa mchana, kazini.

Anjelina alikuwa mkalimani wa Dokta Gulbahar Remtulla. Mama huyo alizaliwa Kariakoo, akaenda Uingereza kusomea maradhi ya akili, siyo kwa tiba ya sindano bali ya mazungumzo, akarudi baada ya uhuru wakati Wahindi wenzake wengi wanafunga mizigo. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila wagonjwa walitoka kila kona ya nchi, na mtu akizidiwa hurudi kwenye lugha ya mama yake. Ndiyo akamwajiri Anjelina, Mmakonde wa Newala aliyemaliza kidato cha nne. Akampa sheria aliyotoka nayo chuoni: mkalimani hukaa nyuma ya mgonjwa na kusema kama yeye, kwa uchungu wake, akinong'ona naye anong'one.

"Muazime mdomo wako," humwambia. "Ukijitenga naye, mie simsikii."

Siku hiyo aliletwa Eufrazia, mke wa mchonga vinyago, ambaye hakuwa ametamka neno tangu amzike mwanawe mchanga. Aliketi, kisha akaanza kusema Kimakonde kwa sauti nzito isiyo yake, na harufu ikajaa chumba. Anjelina akakataa kutafsiri. Kwao, shetani akisema ndani ya mtu, mganga humjibu tu; hakuna anayerudia maneno yake, maana kuyarudia ni kumfungulia mlango. Akamweleza Dokta. Dokta hakumcheka. Alisema bibi yake naye alikuwa na majini, akiyafukizia ubani kila Alhamisi, na kwamba kila watu wana namna yao ya kulia, kazi yao wawili ni kusikia huyu mama analia nini.

"Sema, mwanangu. Nipo."

Anjelina akasema. "Huyu maziwa yamemkauka. Mtoto wake nimemmaliza. Nina njaa."

"Unataka nini?" Dokta akauliza kwa upole.

Eufrazia akageuza shingo, akatazama kifua cha Anjelina, pale maziwa yalipokuwa yamelowesha blauzi, na Anjelina akalisema jibu kabla hajalisikia vizuri: "Nataka hapa."

Papo hapo Eufrazia akalia machozi ya kawaida, akaomba maji kwa Kiswahili. Dokta alifurahi sana.

Nyumbani mambo yakazidi. Jioni ya pili Anjelina alikuwa anambembeleza mtoto huku maji ya ugali yanachemka, na Gregori, mumewe, akauliza kutoka uani ni mgeni gani huyo mwanamume anaimba humo ndani, na Anjelina akafunga mdomo wake kwa viganja viwili lakini wimbo ukaendelea, ukapita katikati ya vidole, mzito, wa polepole, na mtoto hakulia, alimtazama tu mama yake kwa macho yaliyoingia ndani, midomo imepasuka kwa kiu, akijua kabisa kwamba aliyempakata si mwenyewe.

Gregori akamleta Mwajabu, mganga wa Vingunguti. Bibi yule akamshika mtoto utosini, akaona ulivyobonyea, akasema kesho kutwa hawatakuwa naye. "Wengine nawafukuza. Huyu kasemewa, kafunguliwa mlango. Atatoka kwa mdomo mwingine, wa mtu anayekubali." Gregori akajitolea. Mwajabu akakataa: analala kitanda kimoja na mtoto, shetani atarudi palepale.

Dokta, kwa kumkosa Anjelina kazini, alikuwa amefika na kopo la maziwa. Mtoto akayatapika yote. Dokta alijaribu kueleza kwamba Anjelina ameubeba msiba wa Eufrazia, kwamba Uingereza aliwahi kuona muuguzi wa namna hiyo. Kisha akamtazama Adelard, akaacha kueleza. Akavuta kigoda, akakaa nyuma ya Anjelina.

"Sheria ni yangu," akasema. "Anza."

Ubani ukapanda. Sauti nzito ikasema kwa mdomo wa Anjelina, na Dokta, asiyejua hata salamu ya Kimakonde, akarudia sauti kwa sauti, akikwama, akirudi, kisha hakukwama tena, kisha wakawa wanasema pamoja, kisha Anjelina akagundua kwamba mdomo wake mwenyewe umefungwa, na maneno bado yanaendelea nyuma yake.

Adelard akalia. Akanyonya mpaka akapaliwa.

Jumatatu Anjelina alirudi kazini, mtoto mgongoni. Kiti chake hakikuwapo. Dokta alikuwa na mama mmoja wa Newala, wanaongea Kimakonde kile cha ndani kabisa, cha vikongwe, na yule mama ametulia kama aliyelishwa.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaa nyumbani ulee, mwanangu. Mie sasa nawasikia wote."

Dokta Gulbahar alikuwa na miaka hamsini na hakuwahi kuzaa. Gauni lake kifuani lilikuwa limelowa, mahali pawili, na chumba kilinuka. Mgongoni kwa mama yake, Adelard akageuza uso kumwelekea Dokta, akaanza kunyonya hewa.