Matawi Kwenye Njia ya Komanda

Gari la Ketsia lilizimika mbele ya soko kuu la Bunia, saa ile pikipiki zote za mji zinapotaka kupita mahali pamoja. Mvuke ulitoka chini ya boneti, honi zikapigwa, wauza nyanya wakacheka. Ketsia alishuka kwa hasira, kitenge chake cha manjano kimemkaa sawasawa, akavunja matawi mawili ya mti ulio karibu na kuyatupa barabarani nyuma ya gurudumu, kama wafanyavyo madereva wote wa huku gari likiharibika.

Kijana mrefu alivuka barabara kutoka duka la vipuri. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, ila kucha zake zilikuwa nyeusi kwa oili.

"Mama, haya matawi uliweka ya kupamba gari?"

"Ni ya kuonyesha batu kama gari imekufa. Hauoni?"

"Naona. Lakini mwenye kuja mbio ataona tawi na gari mara moja, atakuingia mu mugongo. Matawi inawekwaka mbali. Mutu aone mapema, ajue kule mbele kuko mutu mwenye iko na shida."

Ketsia alikunja kitambaa, akanyoosha mkono kufungua kifuniko cha rejeta. Kijana akamdaka kiwiko.

"Acha! Ile maji inachemuka, itakurukia. Uso kama huo ukiungua, Bunia yote italia."

Ketsia alitaka kumgombeza, akajikuta anacheka. Wakangoja mpaka boneti ikashikika kwa kiganja, na kungoja huko ndiko kulikowaponza. Kijana alikuwa Kamate, mtu wa Butembo, muuza vipuri. Ketsia aliuza maharagwe, akikaa mtaa wa Saio na mama yake tangu vita vilipowatoa Djugu. Mkubwa wa ukoo wao, baba mukubwa Augustin, aliishi mji wa Kilo.

Mapenzi yao yalikulia chini ya boneti. Kila asubuhi simu ililia.

"Bébé, umepima oili?"

"Bonjour kwanza, Kamate!"

"Bonjour, moyo yangu. Umepima oili?"

"Nimepima moteur ingali baridi, vile ulisema. Maji iko. Magurudumu nimetazama yote, hata ya akiba. Sasa uniulize kama miye niko muzuri."

"Miye siulizaka kitu chenye najua."

Basi Ketsia alicheka peke yake sokoni, na wateja wakamshangaa.

Siku ya Kamate kujitambulisha kwa wazee ilipokaribia, aliinama juu ya injini ya Ketsia akaminya mpira wa rejeta, ule ambao huku huitwa durite. Ulikuwa umevimba na kupasuka-pasuka. Mpya haukuwepo Bunia nzima, maana barabara ya mizigo ilikuwa imefungwa. Jioni alirudi na mwingine, mzima, wenye alama ya rangi nyekundu.

"Uliipata wapi?"

"Nimeipata. Mutu anaulizaka zawadi kwenye ilitoka?"

Akambusu shavuni, oili ikabaki hapo.

Siku yenyewe, kule Kilo walichinja mbuzi. Ketsia alisuka nywele, akavaa kitenge cha samawati na hereni za mama yake. Wazee walikaa kwenye viti vya kuazima, wakaangalia njia. Wali ukapoa, majirani wakaanza kunong'ona, simu ya Kamate haikupatikana. Jua lilipozama, baba mukubwa Augustin alisimama.

"Hatuko batu ya kuchekwa. Huyo kijana asikanyage tena hapa."

Kesho yake Kamate alipiga.

"Chérie, gari ilikufa mu njia, kupita Iga Barrière kidogo. Réseau ya simu hakuna. Tuliweka matawi, hakuna mutu alisimama. Jua ikaenda, wazee bangu bakaogopa giza, tukarudi."

"Gari ya nani?"

"Yangu."

"Yako? Weye mwenye unaamushaka batu juu ya oili na maji? Gari yako ifie mu njia siku ile ile? Kamate, tafuta uongo ingine! Mama yangu alilia mbele ya majirani!"

Neno moja lingetosha. Kamate alikuwa nalo mdomoni, akalimeza, kwa sababu aliona haya kumtajia mpenzi kitu alichompa.

"Niamini tu, Ketsia."

Ketsia akakata simu. Ikalia tena siku hiyo, ikalia wiki nzima, akaiangalia inalia. Mimi sijui nimlaumu nani kwanza, yule aliyenyamaza au yule aliyeziba masikio. Mwishowe simu ikaacha kulia, na Ketsia akaacha kufungua boneti, maana kila alipoifungua alisikia sauti ya mtu.

Gari halijui huzuni za mtu. Maji yalipungua kidogo kidogo, karibu mwaka mzima, mpaka siku alipokuwa kwenye njia ya Komanda, akifuata maharagwe, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu. Alisimama pembeni, akazima injini. Akakata matawi, akayapeleka mbali sana nyuma, akarudi kukaa kwenye majani.

Magari mawili yalikuja, yakapunguza mwendo, yakasimama. Nyuma ya moja mbuzi walikuwa wakilia. Aliyeshuka alivaa suti ya buluu na tai. Ketsia alimjua kabla hajafunga mlango.

"Niliona matawi kule mbali," alisema Kamate taratibu. "Nikasema, huyu alifundishwa muzuri."

"Alifundishwa."

Kamate akaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa bado moto. Ilibidi wangoje, kama siku ile ya kwanza, ila sasa hakuna aliyecheka.

"Munaenda wapi na mbuzi?"

"Komanda. Najitambulisha kwa baba na mama ya Chancelle."

"Iko muzuri, Chancelle?"

"Iko muzuri. Nikimupigia, anakamataka simu."

Ketsia akainamisha kichwa. Boneti ilipopoa, Kamate aliifungua, na kaka yake Rémy akaleta dumu la maji. Rémy alichungulia injini, akashtuka.

"Kamate! Hii si durite ya gari yako? Alama yako hii! Njo maana kwako uliweka ya zamani, umeifunga na kamba ya mpira, ikatupasukia kule Iga Barrière!"

Kamate alimkazia macho kaka yake, lakini maneno yalikwisha kutoka. Ketsia aliushika ule mpira wa rejeta.

"Ulitoa kwako ukaniwekea miye? Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilitaka uniamini, Ketsia. Hivyo tu."

"Nakuamini. Mupenzi, nakuamini leo. Nakupenda, sijaachaka kukupenda. Geuza gari, nitapiga magoti mbele ya wazee bako miye mwenyewe."

Machozi yalimjaa Kamate, akayafuta kwa mkono wa suti mpya. Alimpenda bado, na aliijua njia ya kurudi Bunia.

"Kule Komanda balipika tangu asubuhi," alisema. "Chancelle amesuka nywele. Banaangalia njia. Weye unajua vile inaumizaka."

Ketsia alijua, akasogea pembeni ya boneti. Kamate alimimina maji polepole, akafunga kifuniko, akafunga boneti kwa mikono miwili.

"Upime maji kila asubuhi. Usingoje mutu akukumbushe."

"Nitapima."

Magari yakaondoka, mbuzi wakilia mpaka kwenye kona. Injini ya Ketsia ilikubali mara moja. Lakini hakuondoka. Dereva aliyekwisha kusaidiwa huondoa matawi yake, ili anayekuja asisimame bure. Alitembea mpaka kule mbali alikoyaweka, akayaokota moja moja huku analia kwa sauti, akayatupa porini, njia ikabaki tupu.