Sauti ya Verna Ndani ya Gari Namba Nane

Jumapili ile ya mwisho wa Juni ilianza kama Jumapili nyingine zote za msimu. Jua la kiasi, soseji zinachomwa nyuma ya jukwaa, watoto wameziba masikio, na vigari ishirini na viwili vya silinda nne vinazunguka kiwanja cha lami cha Plum Hollow kwa kelele za hasira. Ni vigari ambavyo mtu mwingine angeviuza chuma chakavu: milango imechomelewa, vioo vimeng'olewa, namba zimepakwa kwa brashi. Lakini usicheke. Kaskazini mwa Wisconsin watu wameng'oana meno kwa ajili ya vigari hivyo.

Tessa Radke alikuwa juu ya paa la banda la waamuzi, redio mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa jicho la kaka yake, Curt. Dereva akishafungwa mikanda na kubanwa shingo haoni kilicho ubavuni mwake, kwa hiyo mtu wake husimama juu na kumwambia: "chini" kama kuna gari upande wa ndani wa kiwanja, "juu" kama liko upande wa ukutani, na "wazi" kama hana mtu. Kukitokea ajali mbele, humwambia apite wapi. Misimu sita Tessa alikuwa akimrudisha kaka yake nyumbani mzima kwa maneno hayo, na mama yao hakuwahi kumwomba kitu kingine.

Siku hiyo Curt alimaliza wa pili. Tena. Kati ya raundi tisa za msimu, nne zilikuwa zimekwisha, na zote nne alikuwa ameutazama mkia wa namba nane ya mzee Orville Stueck. Verna, mke wa Orville, ndiye aliyekuwa jicho lake kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke wa sigara mbili kwa pamoja na sauti ya kukwaruza. Alikufa Aprili kwa mapafu. Tangu hapo hakuna aliyepanda paani kwa ajili ya mzee.

"Mzee anaendesha kipofu na bado anakuchapa, Curt!" mtu akapiga kelele jukwaani, na watu wakaangua kicheko.

Curt akavua helmeti, uso mwekundu. Akaenda moja kwa moja kwa mwamuzi na kuweka mezani dola elfu moja na mia mbili.

"Nalidai namba nane."

Kicheko kikakatika. Sheria ipo, kila mtu anaijua: aliyemaliza nyuma ya mshindi anaweza kulidai gari lake kwa bei hiyo hiyo moja, ili asitokee tajiri wa kuweka injini ya bei mbaya. Mwenye gari akikataa, anapoteza pointi zote za msimu. Anaruhusiwa kutoa kiti chake na helmeti yake, basi. Lakini sheria hiyo huwekwa kama bunduki ukutani. Watu wenye haya hawaigusi.

Orville hakubisha. Alifungua kiti chake taratibu, kisha akamsogelea Curt.

"Chukua gari, kijana. Chukua na matairi. Niachie redio tu."

"Imefungwa kwa skrubu, mzee. Kilichofungwa kwa skrubu ni cha gari."

"Curt, mpe bwana," Tessa alinong'ona. Alijisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Redio ina thamani gani?"

"Wewe nyamaza."

Watu waliwazomea mpaka getini. Mtu mmoja alitema mate kwenye kioo cha lori lao.

Raundi ya tano ilikuwa katikati ya Julai. Curt aliingia namba nane, Tessa akapanda paani, akangoja bendera ya kijani ya kuanza. Gari moja likamjia Curt kwa ndani. Tessa akabonyeza kitufe. Kabla hajafungua mdomo, neno likasemwa.

"Chini."

Sauti ya kukwaruza. Taratibu. Ya mtu aliyezoea.

Tessa akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu, isipokuwa mwamuzi mmoja aliyekuwa akila jibini la kukaanga.

"Bado yupo. Bado. Wazi."

"Tess, leo umevuta nini?" Curt alicheka redioni. "Sauti kama msumeno!"

Tessa akaachia kitufe. Hakuhitajika. Sauti ile ilimwongoza Curt mizunguko yote hamsini, kila neno likija nusu sekunde kabla ya Tessa kuona jambo lenyewe. Curt akashinda kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu.

Jioni yake, gerejini, Tessa alimwambia ukweli: aliyeongea si yeye, ni Verna. Alidhani kaka yake ataogopa. Curt alifuta mikono kwa kitambaa, akafikiri, halafu akatabasamu kwa namna ambayo Tessa hakuipenda hata kidogo.

"Anaona vizuri kuliko wewe," alisema. "Mwache aongee."

Maneno hayo yalimchoma. Miaka sita! Lakini alimeza, kwa sababu yule alikuwa kaka yake, na paa asingeliacha.

Curt akashinda ya sita. Akashinda ya saba. Walimzomea kila alipopokea kombe, na yeye akawapungia mkono kwa jeuri. Tessa alisimama paani na redio yake kama mtu aliyeshika mwavuli siku ya jua. Katika raundi ya nane sauti iliacha kutaja njia. Ilianza kuuliza.

"Orville? Mbona unapumua hivyo?"

Curt akakanyaga mafuta.

"Hiyo si mikono ya Orville."

Mizunguko kumi. Kisha, kwa upole wa kutisha:

"Mume wangu umempeleka wapi?"

Curt alimaliza wa kumi na moja, akatoka garini akiwa hana rangi usoni. Sasa yeye na Orville, aliyekuwa akiendesha gari kuukuu la kuazima aina ya Cavalier, walikuwa wamelingana pointi. Ilibaki raundi moja.

Tessa hakuomba ruhusa. Asubuhi ya fainali, Jumapili ya pili ya Septemba, alifungua zile skrubu, akaing'oa redio ya Verna na kuitupa kwenye pipa la taka la Plum Hollow. Akafunga redio yao ya zamani. Alisikia nafuu kubwa. Alipogeuka, Orville alikuwa amesimama pale, anatazama pipa.

"Umeitupa," alisema.

"Pole, mzee. Nilipaswa kukurudishia. Niliogopa."

"Siwapendi nyie, na sitajifanya nawapenda." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Kwangu Verna alikuwa na kazi ya kufanya. Ndani ya hiyo redio alikuwa na pa kukaa. Umeing'oa, naye keshatoka; sasa hana. Ningekuwa wewe, leo nisingefungua mdomo wangu."

Angewezaje? Kufungua mdomo ndiyo kazi yenyewe.

Mizunguko arobaini na tisa ilikwenda vizuri. Sauti ilikuwa ya Tessa peke yake, safi, ile ambayo watu wa kaunti nzima waliijua. "Chini. Juu. Wazi." Na Curt alisikiliza. "Kama zamani, mdogo wangu," alimwambia, na Tessa akahisi machozi. Curt alikuwa mbele. Orville alikuwa wa tatu.

Mzunguko wa mwisho. Kona ya tatu. Magari mawili ya mkiani, ambayo Curt alikuwa anayafikia kwa nyuma, yakagongana. Moshi ukatanda, mweupe, mzito. Kutoka paani Tessa aliona kila kitu. Gari moja limekaa mkingamo ukutani. Chini pako wazi kabisa.

"Chini!" alipiga kelele. "Pita chini, Curt! Chini!"

Mwamuzi wa pembeni alimsikia. Watu wa safu ya juu walimsikia. Wote waliapa baadaye.

Namba nane ikapanda juu.

Haikusita. Ilikwenda kama gari la mtu anayemwamini anayemwelekeza. Kishindo kilifika paani baadaye kidogo.

Moshi ulipoanza kupungua, redio ilikwaruza. Curt alikuwa hai. Alikuwa ananong'ona.

"Ulisema juu, Tess. Kwa sauti yako. Kwa nini ulisema juu?"

Tessa alitaka kusema sikusema. Alifungua mdomo. Pumzi ilitoka. Kitu kingine hakikutoka.

Madaktari walimchunguza koo. Hawakuona jeraha wala uvimbe. Walisema ni mshtuko, ngoja siku mbili tatu. Curt alikuwa amepasuka mfupa wa shingo. Atapona, walisema, atatembea, ila kwa wiki sita asiinuke kabisa. Akiinua kichwa vibaya mara moja tu, basi, amekwisha. Wakamfunga kitandani kwa mikanda miwili ambayo aliweza kuifungua mwenyewe, kwa sababu yeye si mfungwa.

Wiki moja Curt alikataa kumwona. Siku ya nane Tessa aliingia kwa nguvu mchana, daftari mkononi, kwani bado hata mnong'ono hakuwa nao. Curt alikuwa amelala, uso darini. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye furaha, alikuwa akipanga mito.

"Wewe ni nani wake?"

Tessa akaandika: *Dada yake.*

"Ahaa! Mko wawili basi. Mwenzako anapiga simu kila mchana, namwekea mgonjwa sikioni. Ana sauti nzuri huyo, jamani! Mgonjwa anatulia kama mtoto."

Tessa akaandika tena: *Dada yake ni mimi peke yangu.*

Muuguzi hakuwahi kuyasoma. Simu ya kando ya kitanda ililia. Akaiinua, akatabasamu. "Si huyu hapa mwenzako," akamwambia Tessa.

Tessa akaipokonya na kuibana sikioni.

"Curt?" Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Changamfu. Yenye kile kicheko chake cha puani. Kisha ikasikiliza pumzi za Tessa.

"Ah," ikasema. "Ni wewe. Haya, sema basi. Mwambie alale."

Tessa alivuta pumzi mpaka kifua kikauma. Alisukuma. Hakuna. Simu ikamponyoka, ikaanguka shukani, na sauti ikaendelea kutoka humo, wazi na ya upendo, hadi sikioni mwa Curt.

"Mkanda wa kwanza, kaka yangu. Vizuri. Na wa pili."

Muuguzi alikuwa amegeukia dirisha, anafunga pazia. Tessa akamkimbilia kumvuta mkono. Nyuma ya Tessa kitu cha chuma kiligonga sakafu, na kitanda kikalia kwa uzito wa mtu anayeketi.