Tingatinga la Pili

Ayoub alivuta breki, akasimama juu ya mnyororo wa kushoto wa tingatinga, akatazama mbele. Katikati ya vichaka ambavyo hata mbuzi hupita kwa kujipenyeza, palikuwa na njia iliyofunguliwa. Miti imelazwa ubavu na utomvu bado unachuruzika. Mawe yamesagika yakawa unga mweupe, na juu ya unga ule zilionekana alama za minyororo, wazi kabisa.

"Baba," alisema, "kuna tingatinga jengine humu."

Mzee Mkadam, baba mkwe wake, alikuwa amekaa juu ya tangi la dizeli, kofia yake imejaa vumbi. Aliinama, akatazama, akasogeza miwani, akatazama tena.

"Ala. La nani?"

Hilo hakuna aliyelijua. Mwitu ule haukuwa na barabara wala shamba, na tingatinga si kitu cha kupita njia kikenda zake. Ayoub alitazama juu. Alikuwa akilitegemea jua limwonyeshe njia, na jua lenyewe halikuonekana: mawingu ya mwanzo wa masika yalikuwa yamefunga tangu alfajiri, hayanyeshi wala hayaondoki.

Asiyeijua Unguja atacheka. Kisiwa chenyewe hiki hiki, mtu atapotelea wapi? Basi na apelekwe maweni, nyuma ya Uroa, kwenye ardhi ya jiwe la matumbawe lenye makali ya kuchana soli ya kiatu, vichaka vimesongamana kupita kimo cha mtu, chini mapango matupu, na tone la maji hakuna. Akizungushwa mara moja tu hapo, ataulizia kwao.

Walikuwa wametoka kwa furaha asubuhi ile. Mzee Mkadam alikuwa akiuza vitambaa Darajani wiki nzima, na Jumapili alikuwa mtu mwengine. Wenziwe hucheza bao, yeye hufufua matingatinga mabovu. Uani kwake Tunguu alikuwa nayo mawili, yaliyotoka kwenye vyuma chakavu, sasa yamepakwa rangi ya manjano yanameremeta. Kazi hayafanyi. Huwashwa, yakanguruma, yakatazamwa kwa mapenzi, yakazimwa. Ayoub, fundi wa mafriji wa Michenzani, alipomuoa Ulfat binti wa mzee huyu, alidhani ni wazimu mdogo wa uzeeni. Lakini mkwe akikwambia ushike spana, unashika. Akashika, na baada ya muda akaona na yeye anazisubiri Jumapili.

Hili la tatu liliachwa maweni na mkandarasi mmoja ambaye barabara yake ilikufa kabla ya kuzaliwa. Walilinunua, wakawa wanalifuata kwa miguu na sanduku la vyombo, mpaka likawaka. Ruhusa ya sheha, mkuu wa eneo lile, walikuwa nayo. Kijia walichozoea kupita kilikuwa chembamba na kimejaa mashimo, kwa hivyo walikusudia kufungua chao, wakate mashariki moja kwa moja mpaka barabara ya pwani, ambako Sabri, dereva waliyemkodi, alikuwa anawasubiri na lori la kulibebea.

"Ni hapa na hapa tu," alisema Mzee Mkadam wakati wa kuondoka.

Rejeta ilianza kuvuja mapema. Wakaitilia maji ya kunywa, dumu baada ya dumu, kwa sababu injini ikichemka ndiyo basi. Kisha simu ya Ayoub ilimponyoka ikaingia chini ya mnyororo, ikatoka nyembamba kama karatasi. Ya mzee ilikuwa garini mwa Sabri, inachaji.

Na kulikuwa na jambo jengine, ambalo Ayoub hakulisema. Tangu kuondoka, tingatinga lilikuwa linavuta kushoto. Klachi ya upande huo ilikuwa inateleza, na kila akilirudisha, linarejea kule kule polepole. Klachi ile aliifunga Mzee Mkadam mwenyewe kwa mikono yake, akaisifu wiki nzima dukani mpaka wateja wakaijua. Utamwambiaje mkweo kwamba kazi yake imekwenda kombo? Ayoub aliukaza mkono wa kukatia kona wa kulia akanyamaza.

"Tuzifuate alama," alisema mzee. "Aliyepita hapa alikuwa na pa kwenda."

Ayoub aliona ni maneno ya mtu mzima. Wakazifuata.

Adhuhuri iliwakuta bado wamo mwituni. Mzee Mkadam alitandika turubali, akatazama huku na huku, akaelekea upande mmoja. Kwa hesabu za Ayoub upande ule ulikuwa wa pwani kabisa, wala si kibla.

"Baba..."

"Naam?"

"Hapana. Si kitu."

Akasimama nyuma yake akasali, na moyoni akimwomba Mola awapokelee hivyo hivyo, maana Yeye anajua kibla kilipo na wao hawajui. Kabla hawajakunja turubali ilisikika adhana iliyochelewa, nyembamba, ya mbali, kutoka nyuma yao. Uroa ilitakiwa iwe mbele. Ayoub alimtazama mkwewe, mkwewe akamtazama yeye.

"Itakuwa msikiti mwengine," alisema mzee.

"Itakuwa, Baba."

Wakaendelea. Zile alama ziliwapeleka kwa upole, kila mara zikijipinda kidogo. Mbele zaidi zilikuwa jozi mbili, moja juu ya nyengine, na Ayoub akazidi kuchanganyikiwa. Sasa yalikuwa matingatinga mangapi humu? Na mbona hawasikii ngurumo ila yao?

Alikuwa bado anajiuliza pale ardhi ilipopasuka.

Haikutoa onyo. Jiwe lililia mara moja, kisha pua ya tingatinga ikazama, bapa la mbele likagonga chini kwa kishindo, na nyuma ikanyanyuka. Ayoub aling'ang'ania mikono ya kukatia kona mpaka mabega yakalia. Injini ilikohoa ikazimika. Vumbi jeupe lilipanda kutoka shimoni, na ndani ya vumbi lile hakukuwa na mtu juu ya tangi.

"Baba! Baba!"

"Nipo," ilijibu sauti kutoka chini ya vichaka. "Usikanyage ukingo, utabomoka."

Ayoub alimzungukia kwa kutambaa. Mzee Mkadam alikuwa amelala chali juu ya mawe. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti pahala ambapo mguu haupindi, na pajani jiwe lilikuwa limechana nyama kwa kina. Damu ilikuwa nyingi. Ayoub alivua shati, akalichana, akafunga juu ya jeraha, akatia spana ndani ya fundo akaizungusha mpaka damu ikapungua.

"Spana gani hiyo?" aliuliza mzee, macho amefumba.

"Kumi na saba, Baba."

"Usije ukaiacha huku."

Maji yalibaki mafunda mawili chini ya dumu. Ayoub alimpelekea mdomoni.

"Kunywa wewe. Mimi nshakunywa," alisema mzee.

"Na mimi nshakunywa, Baba."

Uongo mtupu, wa huyu na wa yule. Dumu lilikwenda likarudi mpaka Ayoub akaliweka chini ya mkono wa mkwewe, akasema anafuata alama za yule mwenye tingatinga akaombe msaada. Akaondoka kabla hajajibiwa.

Alikwenda mbio pale alipoweza na kwa kuruka mawe pale asipoweza. Viatu vilichanika. Ulimi ulimkauka ukawa mzito. Njia ilikuwa wazi, alama hazikukatika hata mara moja, na alijipa moyo kwamba mwisho wake yupo mtu, labda amekaa kivulini anakunywa chai, atashangaa, atasimama, watarudi pamoja. Alimwita. Alimpigia ukelele. Mara moja alisikia honi ya gari, na alipogeuka kuifuata ikasikika tena upande mwengine, kwa namna vichaka na mapango yanavyoirusha sauti. Akairejea njia, kwa sababu njia angalau alikuwa anaiona.

Kisha alikiona kitu cha manjano nyuma ya miti, na roho ikamrudi. Alipiga mbio mpaka akafika.

Lilikuwa tingatinga lao. Pua imo shimoni. Amelifikia kwa nyuma. Mzee Mkadam alikuwa amelala pale pale, midomo myeupe, dumu liko kama lilivyoachwa.

"Umempata?" aliuliza.

Ayoub alikaa chini. Mambo yote aliyoyakusanya kichwani tangu asubuhi yalijipanga kwa pamoja, na ilikuwa aibu kuyatazama.

"Nimetupata sisi, Baba. Hakuna tingatinga la pili. Tunazunguka. Tunakanyaga alama zetu wenyewe tangu asubuhi." Alionyesha mnyororo wa kushoto. "Klachi ya kushoto inateleza. Nliijua tangu tulipoondoka."

Mzee alifumbua macho.

"Mbona hukunambia?"

"Uliifunga wewe. Nliona haya."

Mzee Mkadam aliyafumba tena macho, na Ayoub alidhani amezimia.

"Na mimi," alisema mwisho, "nliona tunapinda. Nkasema, mtoto ndiye aliyeshika usukani, hana haja ya kufunzwa udereva na mkwewe. Na kibla nilikibahatisha. Nlikuwa nakusubiri wewe unikosoe."

Wakatazamana, watu wazima wawili wenye adabu zao, waliokuwa wanafia njia moja kwa kuheshimiana. Mzee alijaribu kucheka akashindwa kwa maumivu. Damu ilikuwa imeanza tena kupita kitambaa.

Honi ililia tena, mbali, haijulikani wapi. Ni Sabri. Ayoub aliisikiliza mpaka ikakatika, na hapo ndipo alipopata akili. Ikiwa honi ya Sabri inafika hapa, ngurumo ya tingatinga lisilo na bomba la kuzuia sauti inafika kwake mara kumi. Alikuwa anaisikia siku nzima. Ila siku nzima ilikuwa inatembea. Ikikaa pahala pamoja, mtu ataweza kuifuata.

Alisimama. Mzee alijua anachotaka kabla hajakisema.

"Usiwashe. Limeinama, oili yote imekwenda mbele, pampu itavuta upepo. Injini itanoki ife."

"Itanoki, ndiyo."

"Hebu fikiri basi. Kila kipande cha mle ndani nimekisafisha kwa mkono wangu. Hakitapatikana chengine."

"Najua, Baba."

"Ayoub. Nakwambia usiwashe."

Hajawahi kumkatalia neno. Hata siku ya posa alijibu "ndiyo, Mzee" mpaka kwa yale asiyoulizwa. Aliogopa, na hofu ile ilikuwa kubwa kuliko ya lile shimo. Lakini kwa mawazo alimwona Ulfat amesimama mlangoni, na yeye anamwambia kwamba babako amekufa kwa kiu na damu nikiwa nimekaa karibu yake, nimeona haya kumkatalia.

"Nawasha," alisema. Akapanda.

Betri ilivuta kwa uchovu, ikavuta tena, na injini ikawaka kwa mngurumo uliotikisa majani. Ayoub alifungua mafuta mpaka mwisho akashikilia hapo. Mshale wa oili ulicheza, ukashuka, ukalala kwenye sifuri. Aliuona. Mzee naye alijua bila ya kuuona, kwani alikuwa ameziba masikio kwa viganja na machozi yanamtoka pembeni mwa macho. Moshi mweusi ulipanda. Ndani ya injini kilianza kugonga kitu, taratibu, kisha kwa nguvu, na Ayoub alikuwa anaomba kwa sauti ambayo mwenyewe haisikii: kidogo tu, kidogo tena. Chuma kilipiga kelele. Kila kitu kikasimama.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya. Ayoub alipiga ukelele mpaka sauti ikakauka. Alirudi kwa mkwewe, akaikaza spana, akamshika mkono. Hakuwahi kumshika mkono ila kwa salamu.

"Hodi!" ilisikika kutoka vichakani.

Alikuwa mwanamke wa makamo na panga mkononi, kanga kaifunga kiunoni, na nyuma yake Sabri, suruali imechanika. Alijitaja: Bi Wanu wa Uroa, anayekuja maweni kukata kuni. Alimtazama mzee, alilitazama shimo, akatikisa kichwa.

"Tangu asubuhi nalisikia linazunguka. Nkasema hawa wanasafisha kiwanja cha hoteli. Lilipokaa pahala pamoja likalia namna ile, nkajua humo mna mtu. Nkamfuata huyu mwenye lori, nkamwambia twende."

"Barabara iko wapi, Bi Wanu?" aliuliza Ayoub.

Alinyoosha panga upande ambao Ayoub asingeuchagua hata kwa kura.

"Hapo tu."

Na ilikuwa hapo kweli. Walimbeba mzee kwenye turubali, Bi Wanu akikata mbele, na Sabri hajamaliza kulalamikia suruali yake lami ikaonekana. Siku nzima walikuwa wanaizunguka barabara kama nzi na chai.

Walimlaza nyuma ya lori juu ya magunia. Bi Wanu alimnywesha maji kidogo kidogo. Rangi ilianza kumrudi usoni, na pamoja na rangi, amri.

"Nipelekeni hapa hapa Uroa," alisema. "Yupo mwunga mifupa, mkono wake mzuri. Mjini mbali."

Sabri aligeuka kumtazama Ayoub. Ayoub alipanda nyuma, akakiweka kichwa cha mkwewe mapajani.

"Hapana, Baba. Jeraha linataka kushonwa na damu imekutoka nyingi. Tunakwenda hospitali mjini. Sabri, washa gari."

Lori liliondoka. Mzee Mkadam aliyatazama mawingu yakipita juu yake.

"Sauti hiyo," alisema, "ungeitoa asubuhi, saa hizi tungekuwa tunakula."