A ya Fidla

Ijumaa, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Corinne Haskell alifungua kabati lake katika chumba cha muziki, shule ya sekondari ya Caddo Bend, Texas, akaikuta fidla yake imepasuliwa kifua. Alirudi kinyumenyume mpaka ukutani.

Afisa Odell Pruitt, polisi wa shule, alikagua kufuli. Lilikuwa zima, aliyelifungua alizijua namba zake.

"Nani mwingine anazijua, binti?"

"Ni tarehe yangu ya kuzaliwa," Corinne alisema, macho chini. "Darasa zima linaijua."

Shule ilikwisha kumhukumu Bryce Lindqvist. Kwa wastani wa alama darasani mwao Bryce alikuwa wa kwanza, na Corinne alimfuata kwa nukta tu. Mbele ya Pruitt, kijana alijitetea.

"Afande, niivunje ya nini? Fidla ile naiombea dua. A ya darasa la juu, kama fizikia, inahesabiwa nukta tano, A ya muziki nne. Anavyozidi kupiga ndivyo wastani wake unavyoshuka. Siku akiacha akachukua darasa la juu, ananipita, mimi kwisha."

Pruitt aliyaandika maneno hayo kwenye daftari. Kumbe adui wa fidla ile ni mtu anayemtakia Corinne ushindi.

Saa nne akaingia baba yake Corinne, Royce Haskell, shati limenyooka kwa pasi. Alimshika bintiye bega. Corinne akajikunyata.

"Pole, mwanangu. Basi, ndiyo imetoka. Afande, leo ndiyo mwisho wa kubadili madarasa. Ahamie fizikia ya juu. Nafasi ipo, niliulizia ofisini jana mchana."

"Jana mchana fidla ilikuwa nzima, bwana Haskell. Ulijuaje kwamba leo atahitaji darasa jingine?"

Haskell alitazama saa yake.

"Na jana jioni ulikuja kwenye kikao cha wazazi," Pruitt aliendelea. "Chumba cha muziki kiko mlango wa pili."

"Hapa Texas, wa kwanza wa shule anasamehewa karo ya mwaka mzima chuoni," Haskell alisema kwa sauti ndogo. "Wa pili anapigiwa makofi. Nilimbembeleza aache, akalia tu. Mlitaka nifanye nini?"

Pruitt alimgeukia msichana. "Ulijua?"

"Si tarehe yangu ya kuzaliwa tena, afande. Namba nilizibadilisha Jumatatu. Nilimwambia baba peke yake." Alilisogeza bega lake taratibu mpaka mkono ule ukadondoka. "Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, tafadhali, nisipande gari lake."