Simu Iliyopiga Hodi

Mara ya kwanza simu ilipopiga hodi, Kokushubila alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, akaitikia "Karibu!" bila hata kugeuza shingo. Alingoja mgeni aingie, wapi. Akatoka mpaka barazani. Hakuna mtu. Ndipo simu yake mpya, pale juu ya meza, iliposema tena kwa sauti ya mwanamke wa makamo, taratibu, bila haraka: "Hodi wenyewe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndiyo mlio wa meseji!

"Mwalimu mzima nakaribisha simu," alijisema. Koku anafundisha chekechea huku Mtoni, na adabu ndiyo kazi yake: watoto wa watu waamkie, waitikie hodi, wampokee mgeni mzigo. Bintiye Editha, wa miaka mitatu, alishaiva. Bisha tu mlangoni uone, utamsikia huko ndani: "Kalibu!"

Na simu yenyewe aliichagua kwa tamaa, tuseme ukweli. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, kioo kimepasuka, chaji haikai, na mumewe Rogers yuko migodini Chunya, kila siku analalamika hamwoni mtoto vizuri kwenye video. Basi Koku akaenda Buguruni, dukani kwa Mama Zohra Remtulla. Jawad, mtoto wa mwenye duka, akamwekea simu mbili: moja mpya ndani ya boksi, kamera yake hafifu, na moja iliyokwisha tumika, kubwa, picha zake utadhani mtu yupo mbele yako.

"Sista, mie nakushauri hii mpya, ina waranti," Jawad alisema. "Hiyo nyingine mama hataki hata niitoe kabatini. Kila anayeinunua anairudisha, na hasemi kisa."

"Mama yako anapenda mambo ya kizamani," Koku akajibu, keshaanza kujipiga picha. Angerudi vipi kwenye ile hafifu? Akaiacha simu yake kuukuu, akaongeza hela, akaondoka na kubwa.

Hodi zikazidi. Koku alibadilisha mlio akaweka kengele. Kengele ikalia mara moja, kisha hodi ikarudi. Na kila ilipobisha, kabla hajamuwahi, Editha alikuwa keshaitikia. Halafu ikaja harufu, ya mawaridi na udi uliolowa maji, kwenye nyumba ambamo hakijawahi kuchomwa hata kipande cha ubani. Ilikaa kwanza sebuleni. Mtoto alipokaribisha tena, ikahamia koridoni. Alipokaribisha tena, ikawa imesimama mlangoni pa chumba cha kulala.

Alasiri moja Koku alimkuta Editha kwenye mkeka anaongea peke yake. Alikuwa ameegama nyuma, vile mtoto anavyoegama kifuani kwa mtu aliyempakata, na nyuma yake hapakuwa na ukuta wala mto.

"Unaongea na nani, mama?" Koku aliuliza.

"Na mgeni," mtoto akanong'ona. "Kwake kuzuri. Mama ukimkalibisha tena wewe, ananibeba, tunaenda."

Koku akamnyakua, akaizima simu, akachomoa laini, akaitumbukiza kwenye ndoo ya unga, na alipokuwa anakandamiza mfuniko hodi ikabishwa, si ndani ya ndoo bali nyuma ya kisogo chake, karibu kabisa, kwa upole uleule wa mtu asiye na haraka, ikabishwa tena na tena huku yeye ameziba mdomo wa mwanawe kwa kiganja, na mtoto anafurukuta kulitoa neno alilofundishwa na mama yake mwenyewe.

Hakungoja. Alifika Buguruni mtoto mgongoni, unga umemjaa mikononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama Zohra aliiona simu, akavuta stuli, akakaa. "Jawad! Mie nilikwambia nini?" Kisha akashusha sauti. "Ulimkaribisha?"

"Sikujua, mama. Anamtaka mwanangu."

"Wote mnakuja kunitupia simu mnakimbia, mnaniachia mie. Sikiliza. Usimfukuze, akikasirika ataondoka na alichokipenda. Kaingia kwa adabu, atoke kwa adabu. Msindikize mpaka njia panda ya kwenu, mshukuru, muage. Mie nitakuwa pale niipokee simu. Na ukishaaga, mwanangu, funga mdomo. Usiongeze neno."

Basi jua likiwa bado kali, Koku alitoka nyumbani kwake ameishika simu kwa mikono miwili, Editha mgongoni kwenye kitenge, ametiwa pipi ya kijiti mdomoni asije akaropoka. Harufu ikawafuata njia nzima. Kwenye njia panda Mama Zohra alikuwa na chetezo kinafuka ubani, na kitambaa cheusi.

"Asante kwa kuja," Koku akasema, meno yanagongana. "Tumefurahi. Safari njema."

Mama Zohra akaiviringisha simu. Upepo ukapita. Harufu ikakatika pale pale, ikabaki ya mihogo ya kukaanga ya jirani. Mgongoni Editha akacheka, kicheko chake chenyewe, na Koku machozi ya furaha yakamtoka.

Ndani ya kitambaa sauti ikasema, kwa heshima zote: "Haya jamani, asanteni. Mie nakwenda zangu."

Na Koku, mwalimu wa adabu, machozi yangali mashavuni, mkono wake keshauinua anapunga, akaitikia:

"Haya, karibu tena!"

Chetezo kilianguka, makaa yakatawanyika barabarani. Mama Zohra alikuwa anamtazama Editha, ambaye pipi imemdondoka, kitenge kimelegea, na ameegama nyuma, mbali na mgongo wa mama yake, ametulia tuli kifuani kwa mtu.